Andika Kama Nilivyosema

3 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mdogo wangu kinyozi ameniambia kwamba siku hizi unaligombeza kama mtu: "Inuka twende, usinitie aibu." Nilicheka peke yangu. Ameniambia pia kwamba binti yake analia mpaka wateja wanaondoka wamenyolewa upande mmoja. Mtoto amechukua sauti ya baba yake. Akili namwombea ya mama yake.

Mimi ni mzima. Shirikani pia hatujambo, ukiuliza mbele ya watu.

Fundi wetu wa miguu ya bandia amekwenda likizo. Ndivyo nilivyoambiwa niandike: likizo. Hajaonekana tangu katikati ya Januari, na koti lake la kazi bado linaning'inia karakanani, mfukoni mna chaki na tepu ya kupimia. Magoti anayoyatengeneza yana mlio mdogo mtu anaponyoosha mguu. Tak. Alihangaika miaka mingi kuuondoa, akashindwa, mwishowe akasema basi, hiyo ndiyo saini yake. Sasa watu aliowavika miguu ni mamia, wanakuja kurekebishiwa mikanda, wanapita koridoni mbele ya chumba changu. Tak. Tak. Kila mara nainua kichwa, maana naye anatembea kwa mguu aliojitengenezea. Wanaopita wote wanalia kama yeye, ila yeye hayumo.

Yale maandishi ya mkato uliyonifundisha, ya mistari na nukta, bado unayasoma? Nauliza tu.

Mwanao,
Chiriku


27 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Goti halijambo, ubishi wake tu. Mvua imeng'oa bati moja la jikoni, mdogo wako akapanda kulirudisha, akashuka na mabati mawili. Kunyoa anajua, mengine tumwachie Mungu.

Umeuliza kama bado nasoma mkato. Nasoma. Ila hiyo "nauliza tu" yako naijua tangu ukiwa na miaka saba. Ulikuwa unaisema ukiwa umeshavunja kitu.

Sikiliza. Nimekaa na kalamu vikaoni miaka thelathini na mmoja. Mwandishi wa kikao haandiki yaliyosemwa, anaandika yaliyoamuliwa. Ukianza kubeba kila neno la kila mtu, utarudi nyumbani na watu wasio wako. Mkurugenzi wenu nimemsikia redioni, ana sauti ya kumlaza mtoto. Mwenye kuwainua watu wasio na miguu hawezi kukosa wa kumsema. Aliyekwenda likizo atarudi. Funika kombe, mwanangu.

Hukuniambia nani anakutisha. Usiniambie.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto wa mdogo wangu nimemwona kwenye picha. Pua ni ya kwetu, haipingiki. Barua hii anakuletea baba yake, aliyekuja huku kununua mashine ya kunyolea. Anakuletea na kifurushi. Usikifungue ukiwa umesimama.

Umesema nisikuambie. Nimejaribu wiki tatu.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mke wa Fundi aliingia mapokezi. Hakupayuka. Alisimama mbele ya kaunta, mkoba kifuani, akasema, "Nimekuja kuulizia maneno ya mume wangu. Alitoka nyumbani nayo Januari, akarudi bila. Mmeyaweka wapi?" Mpokea simu akadhani hakusikia vizuri. "Mama, unaulizia nini?" Yule mama akarudia vilevile. Mume wake hajatamka neno tangu siku aliyotoka kwetu. Anakula, anaoga, anakaa. Akiitwa anageuka. Haongei.

Mkurugenzi tunamwita Asali, chinichini, kwa ajili ya sauti ile uliyoisikia. Fundi ana kigugumizi. Siku zote alikuwa nacho, na karakanani hakikumzuia chochote, maana miguu haihitaji hotuba. Lakini mwaka jana Asali alianza kumtaka asome barua za malalamiko ya wagonjwa katika kikao cha Jumatatu, mbele yetu sote kumi na wanne, akiwa amesimama. Akikwama, Asali anatabasamu. "Anza tena mwanzo, baba. Taratibu. Sisi hapa ni familia." Anaanza tena. Anakwama. "Anza tena." Ukurasa mmoja uliwahi kuchukua dakika arobaini, na kisiki cha mguu wake kilikuwa kimechubuka, damu ilipenya soksi. Mimi nilikuwa naandika. Kwenye kumbukumbu safi, zile za kupiga chapa, niliandika: "Fundi aliwasilisha taarifa ya karakana."

Jumatatu ya mwisho aliomba kukaa. Asali akamwambia, "Malizia sentensi kwanza, ndipo ukae." Akafungua mdomo. Hata kile kigugumizi hakikutoka. Tulisubiri, Shangazi. Kisha akaiweka ile barua mezani, akaikunjua pembe, akatoka.

Nimewaandikia wadhamini wa shirika. Mwenyekiti wao aliniita, akatandaza kumbukumbu za mwaka mzima. "Hapa pameandikwa nini, binti?"

"Kwamba aliwasilisha taarifa."

"Na hii saini ya nani?"

"Yangu."

Nikamwambia kwamba kila neno ninalo katika madaftari yangu ya mkato, hata pumzi. Akayafungua, akayageuza juu chini. Akasema mistari na nukta zinaweza kuwa chochote, nimlete mtu mwingine anayeweza kuzisoma mbele yao, mtu huyo asiwe mimi. Shangazi, hakuna shule inayofundisha maandishi haya tena. Nakujua wewe tu.

Madaftari ni manne. Tafadhali.

Mwanao


4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto anaendeleaje? Bati la jikoni je?

Wiki sita. Nimepiga simu mara tano, na mara zote mdogo wangu anasema umetoka. Unatoka kwenda wapi na hilo goti?

Nimehamishiwa stoo. Wamesema chumba changu kinapakwa rangi. Stoo ndimo inamowekwa miguu ambayo wenyewe hawakuja kuichukua: waliohama, waliokufa, waliokata tamaa. Imesimama kwenye rafu tatu, imevalishwa viatu tayari, ya watoto iko chini. Meza yangu imeitazama. Mchana bati likipata joto kuna kitu kinasema tak. Najiambia ni bati.

Jumatatu Asali alinikumbatia mbele ya wote, akaniletea maua. "Mwenzetu anapitia kipindi kigumu," akasema, "tumpe nafasi." Tangu hapo nimepewa nafasi kubwa mno. Mpokea simu, tuliyekuwa tukigawana mwavuli mmoja, ananipita kama nguzo. Dereva ananisalimia kwa nyusi. Kumbukumbu za vikao sasa anaandika mtu mwingine, nami naorodhesha viatu.

Mambo hayo nayaweza. Ninaloshindwa ni hili: kila ninapotaka kusema jambo, hata kuagiza chai, nalisema kwanza kichwani mpaka mwisho, niwe na hakika litafika. Sikuwa hivi. Wewe mwenyewe uliniita Chiriku.

Kama hutaki, sema hutaki.

Mwanao


22 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto ameota meno mawili. Bati limetengenezwa na fundi wa kulipwa.

Nimeyasoma. Nimeyapiga chapa yote, kurasa mia na kumi na mbili, na kila ukurasa nimeutia sahihi. Mkono wako ni safi kuliko wangu ulivyokuwa. Madaftari yako yamo ndani ya kifurushi hiki, yahesabu yakifika.

Kuja siwezi. Usinishike shati. Wape karatasi, zitatosha.

Nina swali moja. Umeandika "wote wakacheka" mara kumi na saba. Wewe ulikuwa umekaa wapi?

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mkono umezoea. Huku ni wazima.

Karatasi hazikutosha. Mwenyekiti amesema karatasi iliyopigwa chapa na shangazi wa mlalamikaji, huko mbali, haina uzito. Anamtaka msomaji mwenyewe, mbele ya macho yake, tarehe nane Agosti. Baada ya hapo jalada linafungwa.

Hilo tuliache kwanza. Uliniambia niyahesabu. Niliyotuma ni manne. Yamerudi matano.

Nilidhani ni langu la zamani. Jalada la buluu, kona zimeliwa. Nikalifungua pale stoo, nikaona si mkono wangu, ni wako, na tarehe ni ya mwaka niliokuwa na miaka mitatu. Kituo cha watoto yatima, kikao cha asubuhi. Sikujua kwamba mama aliwahi kufanya kazi mahali ulipokuwa katibu. Hukuwahi kusema. Baba naye hakuwahi. Mliniambia mama alikuwa mama wa nyumbani, akaugua, akafa.

Nimesoma kwa kidole, neno kwa neno. Mkuu wa kituo, ambaye umemwandika "Baba wa Wote," anamwamuru mama mfua nguo apige magoti mbele ya watoto aombe radhi kwa sababu ya shuka lililopotea. Halafu umeandika "Mlezi anasimama," na mlezi huyo ni mama yangu. Anasema: "Mkuu, huyu ni mtu mzima, ana watoto wake. Hawa wadogo wanatazama. Tunawafundisha nini?" Mkuu anasema kaa chini. Mama anasema: "Nitakaa. Lakini wifi, andika. Andika kama nilivyosema."

Shangazi, miaka thelathini sikujua mama alikuwa anaongeaje. Sikuwa na neno lake hata moja. Nilikuwa na picha, na kitenge, na ninyi mkiniambia alikuwa mpole. Sasa namsikia. Nimekaa kati ya miguu ya watu, mchana kweupe, mama yangu anakwambia wifi, andika.

Kurasa zinazofuata nimezisoma pia. Asubuhi kumi na tatu anasimamishwa kumshukuru Mkuu kwa kazi aliyompa, na kila asubuhi sentensi zake zinazidi kuwa fupi. Asubuhi ya kumi na tatu umeweka nukta tu. Kwenye mkato hakuna nukta inayosimama peke yake. Ulikuwa unaandika nini hapo?

Na mwisho wa daftari umebandika karatasi iliyopigwa chapa, kumbukumbu safi: "Mlezi alitoa hoja. Haikupita."

Najua halikuingia kifurushini kwa bahati mbaya.

Uliuliza nilikuwa nimekaa wapi. Nilikaa kiti cha pili kushoto kwa Asali. Mara nyingi nilikuwa nimeinamisha kichwa naandika. Lakini siku ya zile dakika arobaini, Fundi alikwama kwenye neno "maumivu," akaling'ang'ania mpaka likatoka limegeuka neno jingine, nami nilicheka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilicheka, akanitazama mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai karakanani. Kisha nikaandika "wote wakacheka," nikajificha ndani ya wote.

Haya, nimesema langu.


1 Julai

Mwanangu,

Marahaba, hata kama mkono tu ndio uliosalimia.

Kazi ile nilimtafutia mimi. Baba yako alikuwa safarini na lori miezi kwa miezi, na mama yako alikuwa mtu wa kufanya kazi akiimba, nikamwambia wifi, njoo kituoni, wanahitaji mlezi. Watoto wakampenda siku ya kwanza. Alikuwa na sauti nene kuliko umbo lake. Akikuita wewe kutoka uani, majirani watatu waliitika.

Siku ile ya mfua nguo nilikuwa na umri ulio nao wewe sasa, na nilikuwa naogopa kupoteza meza yangu. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta miaka mingi. Niliyaandika kwa mkato yote, kwa sababu mkono ulijiendea. Jioni nikakaa na mashine ya chapa. Aliponiuliza kesho yake, "Wifi, uliandika?" nikasema niliandika. Sikudanganya, unaona. Ndivyo nilivyojiambia.

Wakaja watu wa kukagua kituo. Mfua nguo aliwaambia mlezi ndiye shahidi, na mlezi akawaambia tazameni kumbukumbu. Wakatazama, wakaondoka, ndipo zikaanza zile asubuhi.

Ile nukta uliyouliza. Alisimama, akafungua mdomo, hapakutoka kitu. Sikujua niandike nini, nikaigusa karatasi kwa kalamu.

Alirudi nyumbani siku iliyofuata. Aliishi mwaka na miezi miwili. Daktari aliandika kichomi, na siwezi kuapa kwamba aliandika uongo. Lakini nyumba ile haikusikia wimbo tena, na wewe uliyekuwa unaongea kama chiriku ulikuwa unaongea kwa niaba ya wawili. Nilipokuchukua na mdogo wako, watu walinisifu. Nilisifiwa sana. Sikuwahi kuwanyamazisha.

Nilikufundisha mkato kwa sababu nilitaka siku moja umkute. Kisha kila mwaka nikasema mwakani.

Uliposema Fundi alifungua mdomo hapakutoka kitu, niliiweka barua yako chini ya godoro, nikawa natoka nyumbani kila ulipopiga simu. Nilikuwa nakwenda tu, hata mahali sina. Natembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Mama yako alikuwa anatembea nyuma yangu, upande wa kushoto kama zamani tukitoka kazini, na hakuwa na neno la kuniambia.

Nitakuja tarehe saba, kwa basi la asubuhi. Usije stendi.

Shangazi yako


24 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mdogo wangu amenipigia kwamba ulifika salama na kwamba umelala siku mbili. Mwache mtoto akulie sikioni, ni dawa.

Uliondoka haraka kabla hatujazungumza, na nikiwa karibu yako maneno yananigomea, basi nakuandikia mambo yalivyoisha.

Siku ile mbele ya wadhamini, waliponitoa nje hadi koridoni ili uchaguliwe ukurasa wa kusoma, nilisikia sauti yako kupitia mlango. Sikushika maneno. Nilishika tu ulipofika kwenye kigugumizi, kwa sababu uliisoma kila herufi iliyokatika, bila kuharakisha, na mle ndani hakuna aliyekohoa. Kisha nikaitwa mimi nisome ukurasa uleule, ukatoka vilevile. Yaliyofuata nimeyapata kwa mdhamini mmoja, yule mwalimu mstaafu. Anasema mwenyekiti alikuuliza watajuaje kwamba sikutunga, na wewe ukamjibu: "Anayetunga hujitungia mahali pazuri. Huyu ameandika wote wakacheka, na yeye alikuwemo." Halafu ukasema, "Mimi niliwahi kuandika kwa ile namna nyingine. Kuna mtu hayupo kwa sababu hiyo. Naijua tofauti." Anasema hapo uliomba maji.

Asali alilia. Alisema alikuwa anamjenga Fundi ajiamini. Wiki iliyofuata akajiuzulu "kwa sababu za kifamilia." Wakamfanyia hafla, wakakata keki, na wakaniomba mimi, Shangazi, niandike barua ya kumsifu, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nikasema siandiki. Mpokea simu akasema naye haandiki. Akaandika mwenyekiti mwenyewe. Nasikia Asali ameshapata shirika jingine, kubwa kuliko letu, la akina mama waliofiwa. Nimetuma huko nakala ya kurasa mia na kumi na mbili. Mpaka leo hawajajibu, na mimi nimeambiwa mkataba wangu ukiisha mwezi wa kumi hautaongezwa. Bado niko stoo.

Wadhamini wamemwandikia Fundi barua ya kumwomba radhi, na wamesema nafasi yake iko wazi. Niliomba niipeleke mwenyewe. Nyumba yao ina vyumba viwili na ukumbi mdogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu ameuvua, umelala kando yake kama mgeni mwingine. Mkewe aliisoma barua yote, kwa sauti. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwangu.

Halafu akaanza. Midomo ilianza kabla ya sauti. Mkewe alishika mkono wangu nisimsaidie, nami sikuwa na la kumsaidia. Ilichukua muda mrefu. Akasema, "W-we-wewe p-pia ulicheka."

Nikasema, "Nilicheka, Fundi. Nakuomba radhi."

Akanitazama. Akasema "Basi," na hilo lilitoka zima, bila kukwama. Akajifunga mguu wake polepole, mkanda kwa mkanda, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Hakutoka tena nilipokuwa pale.

Mkewe alinisindikiza hadi nje. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Januari. Kesho njoo tena. Hata kama ni kukulaumu tu, njoo." Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza mlango wa ndani haukufunguka. Jana ulifunguka kidogo, kisha ukafungwa.

Kuhusu wewe na mimi, Shangazi, usiniulize kama nimekusamehe. Sijui. Siku nyingine naamka nimekusamehe, na mchana nakumbuka wewe ukijibu "niliandika" naanza upya. Na hasira ikinipanda sana, namwona Fundi akinitazama kiti cha pili kushoto, inanishukia mwenyewe.

Umesahau miwani yako juu ya friji. Siitumi kwa posta wala kwa mtu. Njoo uichukue, na ukija uwe na siku za kukaa, maana nataka uniambie nyimbo alizokuwa akiimba, hata zile usizozikumbuka vizuri. Wewe utasema, mimi nitaandika.

Mwanao,
Chiriku